Nilichopima mchana, na maji yaliyopita usiku

Nilianza shahada ya uzamivu nikiwa na miaka 34, nikaimaliza nikiwa na 40. Kanuni za chuo nilichosajiliwa zinatoa miaka minne. Hiyo miwili iliyozidi niliilipa pamoja na watu wengine: mume wangu, mama yangu aliyeacha nyumba yake Ilula akaja Mbeya kunilelea watoto, na wakulima wa kijiji kimoja cha wilaya ya Mbarali, kwenye bonde la Usangu, waliojibu maswali mara mbili kwa sababu mara ya kwanza niliyauliza vibaya. Sehemu kubwa ya ucheleweshaji huo ningeiepuka kama mtu aliyekwishapita njia hiyo angenikalisha chini akanieleza. Sasa hivi ofisini kwetu kuna vijana watatu wanaotaka kufanya uzamivu wa uhandisi uliochanganywa na fani nyingine, na mmoja wao ameshaandika pendekezo linalofanana mno na lile langu la kwanza. Nawaandikia hao, na wengine walio kama wao.

Mimi ni mhandisi wa maji. Kabla ya kuajiriwa kufundisha nilifanya kazi kwa mkandarasi, na kazi niliyojivunia kuliko zote ilikuwa banio la zege kwenye mto mmoja unaoshuka kuingia bonde la Usangu. Kwa asiyelijua, banio ni kizuizi kinachoinua maji ya mto ili yaingie kwenye mfereji mkuu wa skimu ya umwagiliaji. Lile la zamani wakulima walikuwa wakilijenga wenyewe kwa magogo, mawe, majani na udongo. Mafuriko yakilibomoa, wanakusanyika kulijenga tena. Letu lilikuwa na kuta za zege na lango la chuma. Tulilikabidhi, picha zikapigwa. Mwaka wa pili watu wa kijiji cha chini walikuja na barua yenye saini nyingi: tangu lijengwe, maji ya kiangazi hayawafikii. Bosi wangu alisema hiyo ni siasa ya vijiji. Nilikubaliana naye, kwa kuwa mahesabu yangu yalikuwa sahihi.

Barua ile haikuniacha. Yaliyokuwa ndani yake nimekuja kuyaelewa baadaye: banio la asili linavuja, na sisi wahandisi tumefundishwa kuita uvujaji huo upotevu. Kumbe kule Usangu uvujaji ndio uliokuwa ukiwagawia wa chini, bila kikao na bila mlinzi. Ukiweka zege na lango linaloziba sawasawa, wa juu anaweza kuuchukua mto wote mwezi Septemba. Hili sikulivumbua mimi. Watafiti waliofanya kazi Usangu miaka ya mwisho ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 waliliandika waziwazi. Tatizo ni kwamba mimi nilisoma uhandisi miaka minne bila kukutana nalo.

Na jambo lenyewe si dogo. Maji ya Usangu ndiyo yanayokuwa Ruaha Mkuu, yakipitia ardhi oevu ya Ihefu, kisha Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, kisha bwawa la Mtera na baada yake Kidatu. Mitambo ya Mtera ina uwezo wa megawati 80, ya Kidatu 204. Tangu 1993 mto umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya hifadhi. Umeme ulipoingia kwenye mgao, vidole vilinyooshwa Usangu, mara kwa wakulima wa mpunga, mara kwa wafugaji, ambao mwaka 2006 waliondolewa Ihefu na mifugo yao. Swali la nani anachukua maji kiasi gani, na kwa ruhusa ya nani, limehamisha watu makwao. Niliamini, na bado naamini, kwamba mhandisi asiyeuliza nusu ya pili ya swali hilo hajamaliza kazi yake.

Imani hiyo haikunisaidia kupata idara. Ya uhandisi iliniambia hili ni swali la watu wa maendeleo. Ya sosholojia iliniambia sina msingi wa nadharia. Nilizunguka na pendekezo miezi tisa, likarudishwa mara tatu, na mwishowe nikapata wasimamizi wawili: profesa wa haidroliki, elimu ya mwendo wa maji, awe mkuu, na mama mmoja wa sosholojia awe wa pili. Nilishukuru mno hata sikuuliza maswali ambayo mtu angepaswa kuyauliza kabla ya kulipa hata senti ya ada. Tasnifu itatahiniwa na idara gani? Itafuata muundo wa nani? Makala zinazotakiwa kuchapishwa kabla ya kuwasilisha zitahesabiwa hata zikitoka kwenye majarida ya fani ya pili? Majibu hayo yadai kwa maandishi. Mimi niliyapata mwaka wa nne, yakiwa tofauti na nilivyodhani, na sura mbili nikaziandika upya.

Kosa langu kubwa la mwanzo lilikuwa ndani ya pendekezo lenyewe. Nilikuwa na malengo mahususi manne. Mawili ya vipimo: kiasi cha maji kinachoingia na kutoka sehemu mbalimbali za mfereji. Mawili ya dodoso: wakulima wanauonaje ugawaji. Siku ya kuliwasilisha, mwalimu mmoja mzee aliinua mkono akasema, "Binti, nikichukua kisu nikaikata kazi hii katikati, kila nusu itaishi peke yake bila kumwaga damu. Sasa kwa nini umeziweka pamoja?" Niliumia. Nilimwona mtu wa zamani asiyependa mambo mapya. Jibu nililompa lilikuwa refu na halikuwa jibu. Ilinichukua miaka miwili kuona kwamba alikuwa ametoa ushauri bora kuliko wote nilioupata chuoni. Kama una nusu mbili zisizohitajiana, chagua moja, utamaliza mapema. Kuchanganya fani kuna maana pale tu ambapo swali moja haliwezi kujibika bila zote mbili, na swali la namna hiyo hulipati mezani.

Kusoma fani mpya ukiwa mtu mzima kunadhalilisha kidogo, na ni heri ujue mapema. Mimi nilizoea kusoma kurasa 60 za haidroliki kwa jioni moja. Sosholojia nilikuwa naambulia kumi, nikizirudia. Kwenye semina za idara ile vijana wa uzamili walikuwa wakitaja majina ya wanazuoni kama watu watajavyo majirani, nami nimekaa kimya na cheo changu cha uhadhiri. Aliyenifungulia mlango ni Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi, mwaka 2009. Alichunguza skimu za umwagiliaji Nepal na kuona kwamba nyingi zilizosimamiwa na wakulima wenyewe, zenye mabanio duni, zilifikisha maji mkiani, yaani mwisho wa mfereji, vizuri kuliko zile zenye mabanio ya kudumu zilizoendeshwa na serikali. Sababu mojawapo ilinikumbusha barua yangu: banio linapobomoka kila mwaka, wa juu anahitaji mikono ya wa chini kulijenga. Akipewa zege, hamhitaji tena. Nilisoma ukurasa huo usiku, Uyole, baridi ya Juni imebana, na sikulala. Nilikuwa nimejenga kitu kilichoondoa sababu ya watu kuheshimiana, na kwenye michoro yangu hakukuwa na mahali pa kukionyesha.

Wasimamizi wangu walikuwa watu wema wote wawili, na walielewana kwa kila jambo isipokuwa maneno. Kikao chetu cha tatu kilivunjika juu ya neno ufanisi. Profesa alikuwa na maana ya uwiano wa maji yanayotumiwa na mmea dhidi ya maji yaliyochepushwa mtoni. Mama wa sosholojia aliuliza, ufanisi kwa nani? Saa mbili zikapita. Nilirudi nyumbani nikafungua daftari la kurasa mbili mbili: kushoto neno, kulia maana yake kwa kila mmoja wao. Sampuli, modeli, uhakika, haki, hata neno data. Kikao kilichofuata niliwapa nakala, tukakubaliana kila neno litatumikaje katika kazi yangu. Daftari lile liliokoa muda kuliko kitu kingine chochote nilichofanya. La pili lilikuwa kuwakutanisha. Mwaka wa kwanza nilikuwa nikimwona kila mmoja peke yake, huyu ananielekeza kaskazini, yule kusini, nami nakubali kote. Baadaye nilikataa vikao vya mmoja mmoja, na baada ya kila kikao niliwaandikia wote muhtasari kabla ya siku kuisha.

Sasa nije kwenye vipimo, kwa sababu hapo ndipo mwaka ulipopotea.

Nyanda za juu kusini mvua zetu ni msimu mmoja. Zinaanza Novemba au Desemba, zinakwisha Aprili, Mei. Kitalu cha mpunga, kupandikiza, kugombea maji ya mwanzo, vyote vina miezi yake, na miezi hiyo inakuja mara moja kwa mwaka. Mwanafunzi wa maabara akikosea Jumatatu anarudia Jumanne. Wewe wa Usangu ukikosea Desemba unarudia Desemba nyingine. Hesabu hiyo iandike kwenye ratiba yako kabla ya kumwahidi mtu tarehe.

Karibu nikose hata msimu wa kwanza kwa ajili ya barua. Kibali cha chuo kinakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha wilayani, kisha kwa Mkurugenzi wa halmashauri, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji, na huko unasaini kitabu cha wageni kabla ya kuzungumza na mtu yeyote. Nilituma barua kwa posta nikasubiri wiki tano. Mwaka wa pili nilizibeba mwenyewe, nakala sita, nikamaliza kwa siku nne. Takwimu za zamani za mto pia nilizifuata kwa miguu yangu. Ofisi ya Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji iko Iringa, zaidi ya kilomita 300 kutoka Mbeya, na saa moja ya kukaa na mtu anayezijua kumbukumbu hizo, akikueleza kituo gani kilisombwa na mafuriko na lini, haipatikani kwa barua pepe.

Niliweka rula za kina sehemu saba za mfereji, kutoka banioni hadi shamba la mwisho. Wasaidizi wanne, vijana wa kijijini, walizisoma saa mbili asubuhi, saa sita mchana na saa kumi na moja jioni. Nilipima kasi ya maji kwa propela katika vina mbalimbali ili nijue kila kina kinapitisha lita ngapi kwa sekunde. Kazi safi. Aprili nikakaa kujumlisha, na hesabu zikakataa. Mashamba ya mkiani, kwa namba zangu, yalipaswa kuwa makavu. Lakini niliyaona kwa macho, mpunga umesimama ndani ya maji.

Kilichofuata ndicho ninachokionea aibu hadi leo. Sikwenda kuuliza. Nilikaa Mbeya miezi mitatu nikibadilisha mgawo wa ukinzani katika fomula ya Manning, ile inayokadiria mwendo wa maji mferejini, nikijiambia majani yaliyoota mferejini nimeyakadiria vibaya. Kila nilipoubadilisha, sehemu moja ilikubali na nyingine ikakataa. Nilikuwa nalazimisha namba, na nilijua. Mtu wa uhandisi akibanwa hukimbilia fomula kwa sababu ndiyo inayomtii.

Niliokolewa na lile lengo la nne nililolidharau. Nilirudi kijijini Agosti kumalizia mahojiano. Dodoso langu lilikuwa na swali, "Je, unapata maji kulingana na ratiba ya zamu?" na wengi walijibu ndiyo, wakaondoka. Mama wa sosholojia alikuwa amenisihi niliweke kando, niombe tu watu wanisimulie siku yao moja ya msimu. Nilimfuata mama mmoja anayelima mkiani, mjane, tukawa tunapepeta mpunga. Nikamwomba anisimulie siku ya kupandikiza, inaanza saa ngapi.

Akasema, "Mwanangu, siku yetu sisi inaanza usiku."

"Usiku saa ngapi, mama?"

"Saa tano, saa sita. Maji yetu ni ya usiku. Hukuwahi kuuliza."

Alinieleza yote bila kuficha. Usiku wa chini wanapanda kwa makundi na tochi hadi kwenye malango ya juu, wanainua mbao, maji yanashuka hadi alfajiri, wanazirudisha. Hawaibi. Mgawa maji anajua, wa juu wanajua, na malipo yake ni kwamba wa chini wanasafisha kipande cha mfereji cha juu kabla ya mvua. Ratiba iliyobandikwa ofisini haina hata mstari mmoja wa mpango huu. Halafu akaongeza jambo ambalo nisingelipata kwa rula yoyote: mwanamke asiye na mume hapandi huko usiku peke yake. Analipa kijana amfungulie, kwa fedha au kwa debe la mpunga baada ya mavuno, na kijana asipokuja, shamba linakauka. Mashamba mawili yaliyoungana mkiani, mfereji uleule, udongo uleule, yalikuwa na mavuno tofauti, nami nilikuwa nimeandika "tofauti ya usimamizi wa shamba".

Nilirudi gesti Igurusi nikalia. Nilikuwa na msimu mzima wa vipimo vya mchana nilivyovizidisha kana kwamba usiku ni uleule. Nilimpigia mama yangu simu, akaniuliza kama watu wamekufa. Nikasema hapana. Akasema, "Basi kula, ulale, kesho utajua la kufanya." Watoto walikuwa wazima, aliniambia hivyo mara mbili, kwa sababu alijua ndicho nilichokuwa nakiogopa kukiuliza.

Profesa alishtuka, kisha akauliza kwa upole kama ninaweza kuomba mwaka mwingine. Mama wa sosholojia alisema maneno yaliyogeuza kazi yote: usiku huo ndio tasnifu yako. Na kweli. Swali likawa moja: mpango wa usiku usioandikwa unabadilishaje mtiririko wa maji, na nani anaachwa nje yake? Bila vipimo huwezi kusema ni lita ngapi. Bila simulizi hujui hata saa ya kupima. Kisu cha yule mwalimu mzee kisingepita hapo tena.

Kwa msimu wa pili nilihitaji vifaa vinavyojirekodia kina kila dakika 15. Kila kimoja kilinigharimu zaidi ya shilingi milioni moja ukijumlisha kodi na usafiri, na nilinunua vitano. Hapa kuna onyo kwa yeyote anayenunua vya bei nafuu: vingi hupima uzito wa maji pamoja na uzito wa hewa iliyo juu yake. Lazima uwe na kingine kimoja kinachokaa nje ya maji, upate hewa peke yake uitoe. Sikukinunua. Kanda zetu za joto kanieneo ya hewa hupanda na kushuka kila siku, na tofauti hiyo inaweza kukudanganya sentimita tatu au nne. Kwenye mfereji wenye kina cha nusu mita, na wewe unatafuta tofauti ya usiku na mchana, hizo ni nyingi mno. Mwalimu mwenzangu aliniazima chake wiki mbili kabla ya mvua. Kimoja cha mferejini kiliibwa Januari, kingine kilizikwa na mchanga. Pakua kumbukumbu kila wiki, usingoje mwisho wa msimu.

Fedha nizitaje, maana watu huzificha. Mwajiri alilipa ada ya miaka mitatu, iliyobaki nililipa mwenyewe. Wasaidizi walipata shilingi 15,000 kwa siku, na wa usiku 20,000, na hizo usizicheleweshe kwa sababu yoyote. Nilikopa milioni 11 kwenye SACCOS, na makato yake bado yanaendelea ninapoandika. Mume wangu aliuza kiwanja tulichokuwa nacho Mbalizi, na hatukugombana kwa hilo, lakini kuna mwezi tulikaa bila kuzungumza sana. Ukienda mashambani nunua gambuti nzuri kabla ya kompyuta mpya. Majaruba yana kichocho. Usangu iko chini, ina joto na mbu. Sisi tuliozoea baridi ya Mbeya tunasahau chandarua. Nilipata malaria mara mbili msimu wa kwanza.

Kuna mzigo mwingine ambao uhandisi haukunifundisha kuubeba. Kibali cha kutumia maji chini ya sheria ya mwaka 2009 kinaandikwa kwa kiasi, ilhali kwenye malango ya mfereji huu hapakuwa na kifaa cha kupima lita. Nilipokuwa na vipimo vya usiku, nilikuwa na ushahidi wa jambo ambalo kwenye karatasi ni ukiukaji, la watu walioniamini. Niliitisha kikao na kamati ya mfereji kabla ya kuandika neno. Tulikubaliana kijiji hakitatajwa na michoro haitakuwa na alama za mahali. Jarida moja la uhandisi lilidai nianike mahali halisi pa kila rula, ndipo wanichapishe. Nilikataa, wakakataa nao. Jarida jingine lilikubali baada ya miezi 11. Ukichanganya fani unarithi maadili ya zote mbili, na utakapobanwa itabidi uchague kulinda watu. Amua mapema, kabla ya kuwa na haja ya makala hiyo.

Kuandika kulikuwa vita vya nafsi ya kwanza. Profesa alikata kila "mimi" kwa kalamu nyekundu. Mama wa sosholojia, pembeni mwa sura ileile, aliandika: wewe uko wapi hapa? Suluhisho lilikuwa kutenganisha. Sura za vipimo zikaandikwa kwa mtindo wa profesa, za simulizi kwa mtindo wa mama wa sosholojia, na katikati nikaweka sura moja inayoeleza jinsi ushahidi wa aina moja ulivyosahihisha wa aina nyingine. Ndani yake kulikuwa na jedwali la mahali tisa ambapo namba zangu na maneno ya wakulima viligongana, na nilichofanya kila mara. Mara sita wakulima walikuwa sahihi. Mara mbili namba. Moja sikuweza kuiamua, nikaiandika hivyohivyo.

Sura hiyo ndiyo iliyonivusha. Ripoti za watahini zilikuja zikipingana: mmoja aliona simulizi zimezidi, mwingine aliona hazitoshi. Siku ya utetezi swali la kwanza kabisa lilikuwa, vikigongana unaamini kipi? Nilifungua jedwali. Tulizungumza juu ya mahali tisa pale kwa zaidi ya saa nzima, na nilisahau kuogopa. Marekebisho yalichukua miezi minne.

Kuhusu kazi baada ya hapo sina mengi. Idara yangu bado haijui makala ya sosholojia iihesabu vipi wakati wa kupandishwa vyeo, na hilo ulifikirie kabla hujaanza.

Nilirudi kijijini na muhtasari wa kurasa 14 kwa Kiswahili. Watu wa Usangu wameulizwa maswali na watafiti wengi, na mzee mmoja aliwahi kuniambia wazi, "Injinia, mnakuja kuvuna, hatuoni magunia yanakoenda." Kwa hiyo sikutaka kusoma karatasi. Watafiti wa mwanzoni mwa miaka ya 2000 walitumia huko ubao wenye mteremko, uliochongwa kama mto na mifereji yake, na gololi zikawa maji. Nilimpa fundi seremala wa Mwanjelwa mchoro, akanitengenezea wa kwangu. Tuliuweka chini ya mwembe. Wa juu walikaa mkiani, wa chini wakakaa banioni, gololi zikaachiwa. Kelele zilikuwa nyingi. Yule mama mjane alikaa mbele kabisa na hakusema kitu, lakini kikao kilipoisha aliwafuata viongozi wa kamati na kuuliza kwa nini zamu ya usiku isiandikwe, na wanawake wakawekewa mtu wa kuwafungulia anayelipwa na wote. Wakabishana hadi jua linazama. Hawakuafikiana siku hiyo.

Walikubaliana kwa jambo moja. Rula zangu mbili za juu zilikuwa zimeoza, namba hazisomeki, na waliomba mpya, za chuma, zenye alama ambazo hata asiyejua kusoma atazielewa: nyekundu, njano, kijani. Nilizipeleka Novemba, kabla ya mvua, na mgawa maji akazifunga mwenyewe.